Kuvu Iliyopewa Jina la Kahawa

Nikisoma historia ya kahawa ya Kilimanjaro nakutana na watu walewale: wamisionari walioileta mwishoni mwa karne ya 19, wakulima wa Kichaga walioanzisha chama chao mwaka 1925, kisha KNCU mwaka 1933. Bei imo, siasa imo, ada za shule zimo. Mhusika mmoja anaachwa nje, ingawa kaingia kila kihamba: kuvu.

Ziko mbili. Kutu ya majani ilielezwa kisayansi mwaka 1869, baada ya kuvamia kahawa ya Ceylon, Sri Lanka ya leo. Wakulima kule wakaishia kupanda chai. Chulebuni iligunduliwa Kenya mwaka 1922, na miaka ya 1960 ikapanda mlima wetu. Mwaka 1993 wataalamu wakaipa jina rasmi, Colletotrichum kahawae. Yaani neno letu la kijiweni limeingia kwenye Kilatini kwa mlango wa ugonjwa!

Zinashindaje? Kwa hila kuliko mabavu. Mti nao una kinga. Ukihisi ukuta wa kuvu, hujua mgeni kaja. Basi kutu hupita kwenye vitundu vya kupumulia chini ya jani, hupenyeza kijidole ndani ya seli bila kuiua, kisha humwaga protini za kunyamazisha king'ora. Inataka seli hai, maana kwenye maiti haipati chakula. Chulebuni hutulia kwanza ndani ya buni mbichi, halafu huua, na buni hubaki nyeusi tawini.

Ndiyo maana mkulima alibeba bomba la mrututu mgongoni msimu baada ya msimu. Nafuu ilitoka mbali: Timor, ambako miaka ya 1920 ulionekana mti chotara wa arabika na robusta, na Sudan Kusini, kwenye kahawa ya Rume. Damu ya miti hiyo imo katika aina mpya za TaCRI, pale Lyamungo. Kutu ikiingia kwenye mti wenye kinga, seli iliyovamiwa hujiua, na kutu ikafa njaa.

Tatizo ni kwamba kupanda aina mpya ni kung'oa mibuni ya babu, na kihamba ni mahali babu alipozikwa. Anayesita namwelewa. Ila mibuni yenyewe ilikuja na wageni juzi tu; kihamba ndicho cha kale. Na kuvu haiachi kubadilika: kwingineko kutu imeshajifunza kuipita kinga ya Timor. Siku moja wajukuu nao watalazimika kung'oa tulichopanda sisi, na tusiwalaumu.