Nani Aliamua Tuandike Hivi?

Juma lililopita nilipokea barua ya msikilizaji wetu mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ni barua ya karatasi, wapenzi wasomaji, yenye mwandiko ulionyooka kama mstari wa rula, kitu ambacho siku hizi hapa studioni tunakiona kwa nadra. Mzee wetu ana hasira. Wajukuu zake wanamwandikia kwenye simu "xaxa" wakiwa na maana ya "sasa", na "cjui" badala ya "sijui". Anataka nitumie muda wangu wote hewani kuwakemea vijana, na anapendekeza imla irudishwe madarasani, pamoja na bakora yake. Kisha akamalizia kwa sentensi ambayo wengi wetu tumeimbishwa tangu darasa la kwanza: Kiswahili ni lugha rahisi, kinaandikwa kama kinavyotamkwa.

Shikamoo, Mwalimu. Barua yako niliisoma hewani neno kwa neno kama ulivyoomba. Sasa niruhusu nikuulize jambo moja. Kinaandikwa kama kinavyotamkwa na nani?

Swali hili si la utani. Tahajia, yaani namna tulivyokubaliana kupanga herufi ili zitoe neno, haikushuka na mvua. Iliamuliwa na watu wenye majina, katika miaka inayojulikana, na kila walipoamua kulikuwa na waliopata na waliokosa.

Tuanzie mbali kidogo. Kabla ya herufi hizi tunazozisoma gazetini, Kiswahili kilikuwa kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu. Zipo barua za mwaka 1711 kutoka Kilwa ambazo zimehifadhiwa Goa, India. Upo Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya mwaka 1728 iko Hamburg, Ujerumani. Kwa hiyo anayedhani kwamba maandishi yaliletwa pwani na wamisionari wa karne ya 19 amechelewa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Herufi hizo zilikuwa na taabu yake, tusidanganyane. Kiarabu kina alama tatu tu za irabu fupi, sisi tunazo irabu tano, hivyo "e" na "i" zilivaa vazi moja, na "o" na "u" vilevile. Kiarabu hakina p wala v wala ch. Waandishi wengi walitumia be kwa b, kwa p, na hata kwa mb. Matokeo yake ni kwamba "baba", "papa" na "pamba" yangeweza kuandikwa sawasawa, na msomaji akajua mwenyewe kama anasomewa habari za mzazi, za samaki au za shambani. Aliyezoea hakupotea, maana utenzi ulikuwa wa kughanwa kwa sauti mbele ya watu, na karatasi ilikuwa ya kumkumbusha anayeujua. Lakini mgeni alipotea. Wapo waliojitahidi kurekebisha. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, katika karne ya 19, aliandika kwa uangalifu mkubwa ili kila sauti ya Kimvita ipate alama yake. Na karibu sana na siku zetu, mwaka 1997, Sheikh Yahya Ali Omar, naye wa Mombasa, akishirikiana na P. J. L. Frankl, alichapisha mapendekezo kamili ya jinsi ya kuandika Kiswahili barabara kwa herufi hizo hizo.

Ndipo akaja Ludwig Krapf, mwaka 1844. Krapf alichagua herufi za Kirumi, na hakuficha sababu. Aliona herufi za Kiarabu hazifai kwa sauti za Kiswahili, na aliona pia kwamba zingeufungulia mlango Uislamu, jambo ambalo hakulitaka. Hivyo basi, hoja ya sauti na hoja ya dini ziliingia nyumbani mwetu zimeshikana mikono, na hadi leo si rahisi kuzitenganisha.

Krapf aliandika "Kisuaheli" katika kitabu chake cha mwaka 1850, na kamusi yake iliyotoka mwaka 1882, baada ya kifo chake, ikaitwa ya lugha ya "Suahili". Askofu Edward Steere wa Unguja, katika kitabu chake cha mwaka 1870, aliandika "Swahili". Wajerumani wakaendelea na "Suaheli". Jina la lugha yenyewe halikuwa na tahajia moja, sembuse maneno yaliyomo!

Steere ndiye aliyeshinda, na sababu mojawapo ni mtambo wa kuchapa. Misheni yake ilikuwa na mtambo Unguja, na waliofundishwa kupanga herufi za risasi ni vijana waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wengi wa vijana hao hawakuzaliwa Waswahili. Walikuwa Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa. Mwaka 1888 vijana wa shule ya Kiungani walianza kutoa jarida lao, Msimulizi. Jambo hili hunifurahisha kila ninapolikumbuka: miongoni mwa watu wa kwanza kuandika na kuchapa Kiswahili kwa herufi hizi walikuwa vijana waliojifunza Kiswahili ukubwani, kama nusu ya wasikilizaji wangu wa bara.

Wajerumani walipoichukua Tanganyika, kwa muda fulani mambo yalikuwa kinyume na tulivyozoea kuyasikia. Maliwali na maakida wa pwani walikuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu, na bwana mkubwa asiyezijua hakuweza kusoma barua iliyoletwa mezani pake. Mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha Ujerumani mkusanyiko wa maandiko ya Kiswahili ya aina hiyo, na mwaka 1901 Carl Velten akatoa kitabu cha kumfundisha Mjerumani kuyasoma. Serikali ilikwenda shule kujifunza mwandiko wa raia! Haikudumu. Shule za serikali, kuanzia ile ya Tanga, zilifundisha herufi za Kirumi, ajira zikawafuata waliozijua, na gazeti la Kiongozi lilipoanza kutoka Tanga mwanzoni mwa karne ya 20 lilitumia herufi hizo.

Waingereza nao wakataka vitabu vya shule vya aina moja kwa Tanganyika, Unguja, Kenya na Uganda. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ikaanza kazi. Shabaha yake ya kwanza iliyoandikwa ilikuwa kusanifisha tahajia. Mwanzoni hakukuwa na Mwafrika hata mmoja katika kamati hiyo. Kitabu cha shule kilipitishwa au kurudishwa na watu ambao asubuhi walisema "good morning" na jioni wakaamua mtoto wa Pangani aandikeje "asubuhi".

Sisemi walifanya kazi mbaya. Tahajia waliyotuachia ni miongoni mwa zilizo nyepesi kufundisha duniani, na ukitaka kuhakikisha muulize mtoto anayejifunza Kiingereza kwa nini kuna herufi hazisemwi. Lakini hebu tazameni walivyochuja. Mtu wa Mombasa hutamka "paa" la nyumba tofauti na "paa" wa porini, ambaye p yake hutoka na pumzi. "Kaa" la moto na "kaa" wa baharini ni vivyo hivyo. Tofauti hizo hazikupewa herufi. Sauti ya kh ikaachwa iende zake, ndipo "khabari" ikawa "habari" na "kheri" ikawa "heri". Lakini th, dh na gh zikabaki, kwa hiyo "ghali" haikuwa "gali", na "dhambi" haikuwa "zambi".

Basi wa Mombasa alinyimwa sauti alizokuwa nazo, na wa bara akadaiwa sauti ambazo hakuwa nazo. Lugha nyingi za bara hazina th wala gh, na nyingi hazitofautishi l na r. Mtoto wa huko akiambiwa "andika kama unavyotamka", anatii. Anaandika "samani" akikusudia "thamani", na "zana" akikusudia "dhana". Mwalimu anapitisha kalamu nyekundu, na zamani alipitisha na bakora. Mtoto ameadhibiwa kwa kufuata kanuni aliyofundishwa. Na kila uchaguzi mkuu tunacheka tunapoona bango limeandikwa "piga kula".

Namna ya kufundisha nayo imebadilika badilika. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, mtoto alikalishwa na ubao wake, akaimba herufi moja moja kwa jina, kisha na alama yake, kisha akaziunga. Ndiko tulikopata maneno "herufi", "irabu" na "imla" yenyewe. Misheni na shule za serikali zikaleta silabi: a e i o u, ba be bi bo bu. Njia hii ilikikaa Kiswahili kama nguo ya kushonesha, kwa sababu silabi zetu karibu zote huishia na irabu. Mtoto aliyeshika chati ya silabi angeweza kusoma ubao wowote wa duka mtaani. Ugumu ulikuja kwenye "mbwa", "nywele" na "ng'ombe" na kile kipeo chake cha juu, ambacho hata magazeti yetu hukisahau. Na wapo walioimba chati nzima kwa mahadhi mazuri bila kujua wanachosoma. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa mwaka 2015, uliotilia mkazo KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ulirudi nyuma zaidi ya silabi ukataka mtoto aanze na sauti ya herufi yenyewe. Nauona uamuzi mzuri, kwa sharti kwamba sauti hiyo aisikie kinywani mwa mwalimu anayeitamka.

Katikati ya safari hiyo yote ilipita kampeni ya kufuta ujinga. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa karibu asilimia 67, na kufikia 1986 ilitangazwa kwamba wamebaki chini ya asilimia 10. Kazi kubwa, na sitaki mtu anielewe vibaya. Ila nyumbani kwetu kuna hadithi yake.

Bibi yangu mzaa mama, mtu wa pwani, alipelekwa kwenye darasa hilo miaka ya sabini. Alipoulizwa kama anajua kusoma, alisema anajua. Alipewa kitabu, akakigeuza geuza, akakirudisha. Akaandikishwa kuwa hajui, akawekwa kundi la mwanzo pamoja na wasiojua hata alifu kwa kijiti. Bibi huyu alikuwa na kasha la barua za kaka yake aliyekuwa Unguja, zote kwa Kiswahili, zote kwa herufi za Kiarabu, na alizijibu kwa mkono wake mwenyewe. Mama anasimulia kwamba alihudhuria bila kukosa, akaimba ba be bi bo bu, akapata cheti, na hakuwahi kuandika barua hata moja kwa herufi zile mpya. Alisema zinamfanya aonekane kama mtoto. Alipofariki kasha likabaki, na katika ukoo mzima, wenye walimu wanne na mhasibu mmoja, hapakuwa na wa kuzisoma barua zile. Mjomba alimpelekea sheikh mmoja mtu mzima, akasoma chache. Katika mojawapo kaka anauliza kama deni la minazi limelipwa.

Sasa nirudi kwa Mwalimu wangu. Mjukuu anayeandika "xaxa" hanitishi. Anajua kabisa kwamba ni "sasa". Anacheza, kama vijana wa zamani walivyocheza kinyume, na siku ya mtihani ataandika inavyotakiwa, akitaka. Anayenitia wasiwasi ni yule anayeandika "samani ya elimu" kwenye barua ya kuomba kazi, na meneja anaitupa kapuni akidhani ameandikiwa na mjinga. Huyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba herufi hizi zilipimwa kwa vinywa vya Unguja, kwamba sauti fulani hakuzaliwa nazo, na kwamba zinajifunzwa kwa sikio kabla ya kalamu.

Kwa hiyo imla, Mwalimu, nakubaliana nawe irudi. Irudi kila Ijumaa, maneno kumi, na mwalimu ayatamke barabara, th yake isikike na r yake isikike. Akisahihisha, atenge makosa ya sikio na makosa ya uvivu, maana "kwahiyo" iliyounganishwa ni jambo moja, na "gali" ni jingine. Kuhusu bakora, nitaomba ubaki nayo hapo nyumbani.