Sauti ya Mfasiri katika Kanda ya Video: Urithi wa Kiswahili Usiohifadhiwa

Historia ya utazamaji wa filamu nyumbani husimuliwa mara nyingi kama ushindani wa kampuni mbili za Japani: Sony, iliyotoa Betamax mwaka 1975, na JVC, iliyotoa VHS mwaka 1976. Kanda za kwanza za VHS zilirekodi saa mbili na za Betamax saa moja, tofauti inayotajwa miongoni mwa sababu za ushindi wa VHS. Makala haya yanadai kuwa katika Afrika Mashariki swali zito zaidi si kanda ipi iliyoshinda, bali ni sauti ya nani iliyosikika ndani yake.

Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya sebule hakikuishia sebuleni. Deki na televisheni vilikuwa ghali, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo deki moja ilihudumia mtaa mzima katika kibanda cha video, ambacho Watanzania walikiita kwa mzaha kibanda umiza. Waganda nao hutumia neno hilohilo: kibanda, kwa wingi bibanda.

Ndani ya kibanda, filamu za Marekani, India na Hong Kong zilikabiliana na watazamaji wasiojua lugha zake. Hapo ndipo alipozaliwa mfasiri. Alishika maikrofoni, akapunguza sauti ya filamu na kusimulia: akawapa wahusika majina ya kienyeji, akafafanua visa na kuongeza utani. Baadaye sauti yake ilirekodiwa kandani na kusambazwa. Nchini Tanzania alivuma Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu; nchini Kenya, DJ Afro; nchini Uganda, wafasiri wa Kiganda waitwao vijei.

Mizizi ya usimulizi huo inatangulia video. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa kikoloni wa sinema za elimu kwa Wabantu, wenye makao Vugiri, Usambara, ulitengeneza filamu na kurekodi maelezo yake katika santuri kwa lugha mbalimbali, kikiwamo Kiswahili. Lori liliizungusha sinema hiyo Tanganyika na nchi jirani. Tofauti ni ya msingi: maelezo ya mradi yaliandaliwa na waliotaka kuwafunza watazamaji, ya kibandani yalidumu kwa sababu watazamaji wenyewe walikuwa tayari kuyalipia.

Urithi huu sasa uko hatarini kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kiufundi. Sumaku ya kanda hufifia, ukungu huishambulia, na kila nakala ya nakala hupunguza ubora. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisitisha kazi hiyo mwaka 2016. Filamu yenyewe huenda imehifadhiwa na studio iliyoitengeneza. Usimulizi wa Kiswahili umo katika nakala za mitaani tu.

Sababu ya pili ni ya kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, na ile ya Uganda ya mwaka 2006, humpa mwenye filamu haki ya kuidhinisha tafsiri. Kanda iliyofasiriwa bila idhini basi ni bidhaa haramu, na maktaba ikiikusanya huhofia kuwa inatunza ushahidi wa kosa. Haki ya mtunzi haina budi kulindwa. Lakini sheria inayoona wizi peke yake hufuta pia kazi ya msimulizi.

Makala haya yanapendekeza hatua tatu: nyaraka za taifa na vyuo vikuu viruhusiwe kisheria kuhifadhi kanda hizo kwa utafiti usio wa biashara, sauti zinakiliwe kidijitali wakati deki chache zingali zinafanya kazi, na wafasiri walio hai wahojiwe. Tumezoea kukusanya ngano na tenzi kabla wajuzi wake hawajatutoka. Usimulizi wa kibandani ni fasihi simulizi ya miji yetu, nao unastahili bidii ileile.