Swali la mkojo lililozaa Gatorade

Jamani wadau, nani alijua Gatorade ilianzia kwenye mkojo? Mwaka 1965, Dwayne Douglas, kocha msaidizi wa futiboli ya Kimarekani Chuo Kikuu cha Florida, alimuuliza Dk. Robert Cade, daktari wa figo: mbona wachezaji hawakojoi wakati wa mechi? Kumbe maji yote yaliishia kwenye jasho. Enzi hizo makocha wengi waliamini maji humlegeza mchezaji, wakawanyima. Msicheke, imani hiyo iliua vijana.

Cade na wenzake wakachanganya maji, chumvi na sukari. Hainyweki! Mkewe, Mary, ndiye aliyeshauri limau. Nachopenda mimi ni sukari ile: husaidia utumbo kufyonza chumvi na maji, kama ORS ya watoto wanaoharisha. Januari 1967, Florida wakaifunga Georgia Tech 27-12 kwenye Orange Bowl. Mwaka huohuo Stokely-Van Camp wakaanza kuitengeneza kibiashara.