Mwaka Jeshi Lilipochukua Kombe

Muulize shabiki wa soka wa Nairobi kuhusu msimu wa 2010 na karibu kila mara atakupeleka Nyayo, tarehe 23 Oktoba, Gor Mahia na AFC Leopards, siku watu 7 walipokufa kwa kukanyagana. Ana haki ya kuukumbuka hivyo. Lakini kombe la mwaka ule halikwenda kwa Gor wala kwa Leopards. Lilipanda gari likaja Nakuru, kwa timu ya wanajeshi ambayo haikuwa na wimbo wala kabila.

Naizungumzia Ulinzi Stars. Mimi ni wa Keringet, kule juu Kuresoi Kusini, kwenye barabara ya kutoka Molo kwenda Olenguruone. Wengi wanatujua kwa mambo mawili: maji ya chupa yenye jina letu, na wakimbiaji. Faith Kipyegon alisomea kwetu, Winners Girls. Boli ilikuwa kitu cha kupitisha jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, kwenye uwanja uliolala upande mmoja kama paa la nyumba. Mwaka 2010 nilikuwa darasa la tano, na mjomba alikuwa na redio. Hiyo inatosha kuhusu mimi.

Ulinzi ilianzishwa 1995. Kabla ya hapo kambi za jeshi zilikuwa na timu zao, Kahawa United, Scarlet na nyingine, zikigawana wachezaji na mara nyingine zikikabana zenyewe kwa zenyewe. Wakubwa wakaamua nguvu ziwekwe pamoja. Miaka minane baadaye wakachukua ligi, 2003, wakiipiga Coast Stars kwa penalti kwenye fainali. Wakachukua tena 2004. Wakachukua tena 2005.

Tatu mfululizo si mchezo. Ila ukikaa na wazee wa soka watakuambia miaka ile ligi ilikuwa imepasuka. Klabu kadhaa kubwa zilikuwa zimegombana na shirikisho na kwenda kivyao, na Juni 2004 FIFA ikaifungia Kenya kwa sababu serikali iliingilia mambo ya mpira. Kwa hiyo kuna watu hadi leo wanaohesabu mataji yale huku wamekunja uso. Naona wanawaonea. Askari hakuvunja ligi. Aliambiwa acheze, akacheza. Lakini naelewa kwa nini 2010 ilikuwa na uzito tofauti. Timu 16, mechi 30, wote ndani, na kamera za SuperSport zikiangalia.

Sasa, timu ya jeshi inafanyaje kazi? Ili uwe mchezaji wa Ulinzi lazima uwe askari. Unapita usajili, unakwenda Eldoret kufunzwa kurutu, unanyolewa, unapiga kwata, ndiyo urudi kwenye mpira. Maana yake klabu haiwezi kuamka Januari ikanunua mshambuliaji wa Uganda. Inacheza na Wakenya tupu, na ukimpata mchezaji unakaa naye. Kwa upande mwingine, mwisho wa mwezi mshahara unaingia. Hili watu hulipita haraka. Katika ligi ile kulikuwa na wachezaji wazuri sana waliokuwa wakisota miezi bila kulipwa, wakikopa nauli ya kwenda mazoezini. Askari alikuwa anakula, analala, anatibiwa, na akistaafu ana pensheni. Ukitafuta siri ya kocha Benjamin Nyangweso na vijana wake, anza hapo kabla hujafika kwenye mbinu. Ni njia ile ile jeshi lilitumia kwa riadha. Paul Tergat mwenyewe alikuwa mwanajeshi wa anga.

Na mshahara ni neno zito Lanet, kambi iliyo nje kidogo ya mji wa Nakuru, ambako pia kuna chuo kinachofunza maofisa. Januari 1964, wiki chache baada ya uhuru, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi pale pale, kinyongo kikiwa mishahara na maofisa Waingereza waliobaki juu yao. Wiki hiyo hiyo Tanganyika na Uganda pia kulikuwa kunawaka. Kenyatta aliita wanajeshi wa Uingereza wauzime uasi, na kikosi kikavunjwa.

Uwanja wao wa nyumbani ulikuwa Afraha. Jina lenyewe liko jirani sana na furaha, lakini miaka miwili kabla ya kombe, furaha ilikuwa mbali. Mapema 2008, baada ya uchaguzi, watu waliofukuzwa makwao walijaa pale, kwenye viti na kwenye nyasi, na wengine wakajaa uwanja wa maonyesho ya kilimo. Wengi walitoka pande zetu: Kuresoi, Molo, Olenguruone. Tume ya Waki ilihesabu waliokufa nchi nzima 1,133. Kwetu hatukuhesabu, tulijua tu nyumba gani haina moshi asubuhi.

Ndiyo maana timu hii ilikuwa kitu cha ajabu. Ukiipenda Gor au Leopards, mtu akishasikia anajua, au anadhani anajua, jina la baba yako na ulivyopiga kura. Ulinzi haikuambii kitu. Kipa anatoka kule, beki anatoka huku, Stephen Waruru mbele. Kwenye duka la karibu na stendi, watu ambao 2008 walikuwa wamekatana jicho wangeweza kusikiliza mechi moja bila yeyote kuuliza uko upande gani. Mjomba alikuwa akiwaita "vijana wetu", na sikuwahi kusikia akisema hivyo kuhusu timu nyingine yoyote, au chama.

Lakini subiri, nisije nikaifanya hadithi tamu kuliko ilivyokuwa. Jeshi lile lile, Machi 2008, lilikwenda Mlima Elgon kwa Operesheni Okoa Maisha kupambana na wanamgambo wa SLDF, na Human Rights Watch wakalishutumu kwa mateso. Na mwishoni mwa 2009 familia zilitolewa Msitu wa Mau, zikalala chini ya karatasi za plastiki kando ya barabara, mvua ikiwapiga. Hao hawakutolewa na wachezaji wa mpira, wala na jeshi. Ila kwa mtoto, sare ni sare. Kuna jirani yetu aliyekuwa akizima redio kila jina la Ulinzi likitajwa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Agosti ile ile ya 2010 nchi ilipiga kura ya katiba, kijani Ndiyo, nyekundu Hapana. Bonde la Ufa lilisema Hapana kwa wingi, nchi ikasema Ndiyo. Watu walinuna wiki kadhaa. Ligi ikaendelea tu, Jumamosi baada ya Jumamosi, na askari wakawa wanaokota pointi bila kelele hadi wakamaliza juu ya wote. Naamini hakuna mabingwa walioshangiliwa kidogo kama wale. Gor ikija Afraha, wageni ndio walijaza uwanja.

Mwanzoni mwa 2011 wakaenda Ligi ya Mabingwa Afrika na Zamalek ikawatoa raundi ya awali, siku ambazo Misri yenyewe ilikuwa barabarani ikimwondoa Mubarak. Mwaka huo Waruru akawa mfungaji bora wa ligi. Oktoba wanajeshi wa Kenya wakavuka mpaka kuingia Somalia, na kuanzia hapo, redio ikitaja askari wetu, watu dukani walinyamaza kwanza, wasikie kama ni mabao au ni majeneza.

Ulinzi haijachukua ligi tena. Timu ya kwanza ya sare kulichukua kombe baada yao ni Polisi, 2025. Afraha ikabomolewa ijengwe upya, na wanajeshi wakahamia uwanja wao mpya Lang'ata, Nairobi. Kutoka Keringet hadi Afraha ilikuwa matatu mbili. Mjomba hajawahi kwenda Lang'ata, na ukimuuliza matokeo ya Ulinzi siku hizi atakuuliza kwanza kama Waruru bado anacheza.