Côte d'Azur: matembezi ya siku moja kutoka Nice, na alama za Kongo pembeni ya bahari

Côte d'Azur ni jina la pwani ya Ufaransa upande wa kusini-mashariki, pale bahari ya Mediterania inapogusa milima ya Alpes, karibu na mupaka wa Italia. Muji wake mukubwa ni Nice. Watu wa inchi za baridi wanakuja kule kutafuta jua, juu Nice inapata karibu saa 2.700 za jua kwa mwaka. Wakongomani wanaoishi Ufaransa na Ubelgiji nao wanashukaka kule wakati wa konje.

Kwa mutu wa Kongo, pwani hii iko na jambo lingine ndani yake. Mufalme Léopold II na Marshal Mobutu, watu wawili waliotawala Kongo kwa miaka mingi, wote walikuwa na nyumba kando ya bahari hii, na nyumba hizo ziko kwenye njia ambayo watalii wanapita kila siku. Wengi wanapita bila kujua.

Nice yenyewe

Nice ilianzishwa zamani na Wagiriki waliotoka Marseille, wakaiita Nikaia. Iliingia katika Ufaransa mwaka wa 1860 tu. Mbele ya hapo ilikuwa chini ya ufalme wa Sardinia. Ndiyo sababu katika muji wa zamani, unaoitwa Vieux-Nice, nyumba ziko na rangi ya njano na nyekundu kama za Italia, na njia ni nyembamba.

Matembezi ya kwanza ni barabara ya Promenade des Anglais, yenye urefu wa karibu kilometa 7 kando ya maji. Jina lake linatoka kwa Waingereza waliokuwa wanakimbia baridi ya kwao na walioanza kutengeneza njia hiyo miaka ya 1820. Ku barabara hiyohiyo, usiku wa tarehe 14 mwezi wa 7 mwaka wa 2016, mutu aliingiza lori katika umati wa watu waliokuja kutazama fataki, na watu 86 walikufa.

Anayetaka kuona muji wote kwa macho moja anapanda Colline du Château. Jina linasema ngome, lakini ngome haiko tena: ilibomolewa mwaka wa 1706 kwa amri ya mufalme Louis XIV. Kupanda kwa miguu ni bure. Chini yake kuna soko la Cours Saleya, la maua na vyakula, siku zote isipokuwa siku ya kwanza, wakati linageuka soko la vitu vya zamani. Pale mutu anakula socca, mukate mwembamba wa unga wa dengu unaopikwa katika tanuru, ao pan bagnat, mukate wenye samaki, yai na nyanya. Ni chakula cha watu wa kazi, na bei yake si ya hoteli.

Pwani ya Nice haina muchanga. Ni mawe ya duara, na kutembea bila viatu kunaumiza. Wenyeji wanavaa viatu vya plastiki mpaka ndani ya maji.

Treni inayofuata bahari

Njia ya treni ilifika Nice mwaka wa 1864, kisha ikaendelea mpaka Monako mwaka wa 1868. Mpaka leo ndiyo njia rahisi kwa mutu asiye na gari. Treni ndogo za eneo, zinazoitwa TER, zinasimama karibu kila kijiji: Villefranche, Beaulieu, Èze, Monako, Roquebrune, Menton, na zinamalizia ku Ventimiglia ndani ya Italia. Upande wa magaribi zinaenda Antibes na Cannes. Kutoka Nice mpaka Monako ni dakika 20 na kitu, kwa euro chache. Mwenye kulala Nice anaweza kutoka kila asubui upande tofauti na kurudi magaribi, bila kulipa hoteli nyingine.

Kutoka uwanja wa ndege, ambao umejengwa kando ya maji kabisa, kuna tramu inayofika katikati ya muji na ku bandari.

Villefranche na Cap Ferrat: nyumba za Léopold II

Kituo cha kwanza kisha Nice ni Villefranche-sur-Mer. Iko na ghuba ya maji marefu ambamo meli kubwa zinaingia, na kando ya maji nzuri karibu na kituo cha treni. Kuna kanisa dogo la wavuvi, Chapelle Saint-Pierre, ambalo Jean Cocteau alipamba mwaka wa 1957.

Mbele ya Villefranche kuna rasi ndefu inayoingia baharini, Saint-Jean-Cap-Ferrat. Mutu wa Bukavu akiiona kutoka juu atakumbuka La Botte: ni kipande cha udongo chenye miti, chenye nyumba za watu wenye feza, na maji pande tatu.

Kuelekea mwaka wa 1900, Léopold II, mufalme wa Wabeljiji, alianza kununua viwanja hapa, kimoja kisha kingine. Wakati huo Kongo haikuwa koloni ya Ubelgiji. Tangu mwaka wa 1885 ilikuwa mali yake mwenyewe, chini ya jina la État Indépendant du Congo, na yeye hakukanyaga Kongo hata siku moja. Wanakijiji walilazimishwa kuleta kauchu kutoka porini; waliokosa kufikisha kiasi walipigwa fimbo ya chicotte, wake zao walikamatwa, wengine waliuawa ao walikatwa mikono. Mwaka wa 1896 Léopold alijitengea eneo kubwa kuzunguka ziwa ambalo leo linaitwa Mai-Ndombe, na faida yake iliingia katika mufuko aliousimamia yeye. Makuta hayo yalijenga majumba Ubelgiji, na wanahistoria wanayaunganisha pia na mali yake ya pwani hii.

Mwaka wa 1904 unaonesha mambo yote mawili. Mwaka huo ripoti ya Roger Casement, konseli wa Uingereza aliyepanda mto Kongo mwaka wa 1903 na kuandika mambo aliyoambiwa na wanakijiji, ilitolewa London. Mwaka huohuo Léopold alinunua Les Cèdres, nyumba kubwa yenye bustani ku Cap Ferrat. Alikuwa pia na nyumba aliyompa muungamishaji wake, na nyumba ya mupenzi wake, Blanche Delacroix, Mufaransa aliyekuwa kijana sana kwake. Kilima cha Villa Leopolda, ku Villefranche, kinabeba jina lake mpaka leo, hata kama nyumba inayoonekana ilijengwa kisha kifo chake, kati ya 1929 na 1931.

Mufalme alikufa tarehe 17 mwezi wa 12 mwaka wa 1909, mwaka mumoja kisha kulazimika kuachia Ubelgiji Kongo. Les Cèdres iliuzishwa, mwaka wa 1924 ikawa ya jamaa ya Marnier-Lapostolle, watengenezaji wa pombe, ambao waliifanya bustani ya mimea maelfu. Mwaka wa 2019 iliuzishwa tena kwa euro milioni 200. Mutalii hawezi kuingia.

Nyumba inayofunguliwa kwa watu wote ku Cap Ferrat ni ya jirani yake, Villa Ephrussi de Rothschild, nyumba ya rangi ya pinki yenye bustani tisa, iliyojengwa kati ya 1907 na 1912. Mwenyewe aliiachia Académie des Beaux-Arts alipokufa mwaka wa 1934. Kuingia kunalipiwa.

Njia isiyofungwa na lupango

Jambo zuri la Cap Ferrat ni la bure: njia ya miguu inayozunguka rasi kando ya maji. Kuizunguka ku ncha yake ni kilometa 6 hivi, ni kusema saa mbili kwa mutu asiyekimbia. Upande mumoja ni bahari ya buluu, upande mwingine ni kuta na milango ya matajiri.

Njia hiyo haiko kwa huruma ya wenye nyumba. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 1976 inawalazimisha wenye viwanja vya kando ya bahari kuacha nafasi ya metre 3 ili watu wapite kwa miguu, na sheria ya mwaka wa 1986 iliongeza ulinzi wa pwani. Tajiri anaweza kuwa na euro milioni 200, lakini hawezi kuchukua ukingo wa maji. Kwa mutu anayetoka muji ambamo lupango zinashuka mpaka ndani ya ziwa, na watoto wanakosa pa kuogea, hii ni jambo la kutazama kwa makini.

Èze na Monako

Kijiji cha Èze kiko juu ya mwamba, karibu metre 430 juu ya bahari. Kutoka kituo cha treni kuna njia ya mawe inayopanda, inayoitwa kwa jina la Nietzsche, mwanafilozofia Mujerumani aliyekuwa anatembea pale. Kupanda ni saa moja na zaidi; maji ya kunywa ni ya lazima.

Monako ni inchi yenyewe, lakini ukubwa wake ni kilometa za mraba 2 hivi. Hakuna kizuizi cha mupaka kati yake na Ufaransa. Kazino yake ilifunguliwa mwaka wa 1863, na mbio za magari zilianza mwaka wa 1929. Kwa wenye watoto, mahali pazuri zaidi ni jumba la makumbusho ya bahari, lililofunguliwa mwaka wa 1910, lenye samaki wazima.

Roquebrune-Cap-Martin: mwaka wa 1996

Kisha Monako kuna rasi nyingine, Cap-Martin. Hapa Mobutu alikuwa na Villa del Mare. Katika mwezi wa 8 mwaka wa 1996 alipasuliwa ku Lausanne, Uswisi, kwa ajili ya kansa ya tezi la kiume. Mwisho wa mwezi wa 10 Bukavu ilianguka mikononi mwa AFDL na wanaowasaidia, na mwanzo wa mwezi wa 11 ikawa zamu ya Goma. Siku hizo hizo rais alitoka Uswisi, akaja kupumzika ku Cap-Martin. Wakati watu wa Kivu walikuwa wanakimbia na mizigo ku kichwa, mambo ya inchi yalikuwa yanaongelewa katika nyumba hii kando ya bahari. Alirudi Kinshasa tarehe 17 mwezi wa 12, na mwaka wa 1997 utawala wake uliisha.

Pale pia kuna njia ya miguu kando ya maji, inayopita karibu na kibanda cha mbao cha Le Corbusier, mwenye kuchora majengo, aliyekufa akiogelea hapo mwaka wa 1965.

Menton, Antibes, na makaratasi

Menton ni muji wa malimau, wenye karamu yake kila mwaka kuelekea mwezi wa 2. Upande wa pili, Antibes iko na makumbusho ya Picasso katika ngome alimofanyia kazi mwaka wa 1946. Kutoka Cannes, mashua inafika kisiwa cha Sainte-Marguerite kwa dakika 15 hivi.

Tangu mwaka wa 2015 Ufaransa imerudisha ukaguzi ku mupaka wa Italia. Polisi wanaingia katika treni zinazotoka Ventimiglia, na mashirika ya haki za binadamu yamesema mara nyingi kwamba wanatazama rangi ya ngozi. Mwenye visa ya Schengen ao karte ya kuishi abebe ile ya asili pamoja na pasporti, hata kama anaenda kula malimau tu. Foto ndani ya simu inaweza kukataliwa.

Miezi ya 7 na ya 8 ni ya joto kali na watu wengi, na bei zinapanda. Miezi ya 5, 6 na 9 ni mizuri zaidi kwa kutembea. Makumbusho ya Matisse na ya Chagall, ku Nice, yanafungwa siku ya pili.