Makadirio ya Mwingiliano wa Mawimbi

Ni kauli za hisabati ziwekazo mpaka juu ya hitilafu baina ya nguvu za mawimbi yakutanayo na nguvu za yale yazaliwayo, katika milinganyo ya hifadhi, yaani ile isemayo kwamba kiasi fulani hakizidi wala hakipungui mahali ila kwa kuingia na kutoka. Mfano ulio dhahiri ni barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia ipitapo Makambako, ambako njia ya Njombe na Songea huchepuka: kwa nadharia ya Lighthill na Whitham (1955), wimbi litengalo malori machache na yaliyokaribiana, likikutana na litengalo yaliyokaribiana na yaliyosimama, huungana nalo, na mruko wa msongamano, ambao ndio nguvu ya wimbi, huwa ni jumla ya miruko miwili. Katika mifumo ya milinganyo mingi, kama ya mwendo wa gesi, jumla hiyo haitimii kamili. James Glimm alithibitisha mwaka 1965 kwamba, mawimbi yakiwa dhaifu, hitilafu haizidi kiasi thabiti mara zao la nguvu za mawimbi yakaribianayo, na kwa kadirio hilo akabainisha kuwapo kwa masuluhisho ya wakati wote, maadamu mabadiliko ya hali ya awali ni madogo.