Wageni Huota Jua Palipozikwa Vijiji

Kivuko cha kutoka bandari ya Klaipėda, nchini Lithuania, hukata mlangobahari mwembamba kwa dakika chache tu, kisha abiria hushukia kwenye ulimi wa mchanga wenye urefu wa kilomita 98. Magharibi ni Bahari ya Baltiki na mawimbi yake. Mashariki ni ghuba pana, tulivu, ya maji yaliyo karibu baridi matupu, yasiyo na chumvi ya kutajika. Penye wembamba mkubwa, rasi hii ni kama mita 400 tu kutoka maji hadi maji. Penye upana mkubwa haizidi kilomita nne. Walithuania huiita Kuršių nerija. Kilomita 52 za kaskazini ni zao, na sehemu ya kusini ni ya Urusi, mkoa wa Kaliningrad.

Likizo ya huku haina vishindo. Watu huendesha baiskeli msituni chini ya misonobari, huoga bahari asubuhi jua likiruhusu, hununua samaki waliokaushwa kwa moshi na kuwala wakiwa wamekaa kitako kando ya ghuba. Jioni hupanda ngazi za mbao hadi juu ya tuta la Parnidis, nje kidogo ya mji wa Nida, kutazama mchanga mweupe ukiporomoka hadi majini. Mgeni akilala siku mbili tatu ataapa kwamba Mungu aliishusha rasi ile vile vile ilivyo, na misonobari yake, na kimya chake.

Misonobari ile ilipandwa na watu, mche mmoja mmoja, kwa muda wa karne nzima. Hata tuta refu linaloukinga ufukwe upande wa bahari ni kazi ya mikono. Kabla ya hapo palikuwa na jangwa linalotembea, nalo lilikuwa likila watu makwao.

Zamani rasi ilikuwa na msitu wake wa asili: mialoni, mitilia na misonobari, iliyoushika mchanga kwa mizizi yake. Ukakatwa. Ulikatwa kwa ajili ya mbao, kuni, makaa na lami, na palipobaki vichipukizi mifugo ikavimaliza. Wenyeji wa baadaye walipenda kuwatwika lawama askari wa Kirusi waliopita huko wakati wa Vita vya Miaka Saba, 1756 hadi 1763. Ni hadithi tamu, maana adui wa kutoka nje ni rahisi kulaumiwa, lakini shoka lilikuwa limeanza kazi muda mrefu kabla ya wao kufika.

Msitu ulipokwisha, upepo wa magharibi ukapata njia. Unachukua mchanga mkavu wa ufukweni, unaupandisha taratibu kwenye mgongo wa tuta, kisha mchanga unamwagika upande wa pili ulio na mteremko mkali. Punje kwa punje tuta zima linasogea mashariki, mita kadhaa kila mwaka. Likikuta nyumba halisimami. Kwanza uzio unatoweka, halafu madirisha, halafu paa. Tuta likishapita, baada ya kizazi kimoja au viwili, mabaki ya kijiji hufunuliwa tena nyuma yake, na palipokuwa na makaburi mifupa huachwa juani.

Vijiji vilivyozikwa namna hii huhesabiwa kuwa 14. Karvaičiai ndicho kinachotajwa zaidi, kwa sababu kilimtoa mtu wa kukililia. Liudvikas Rėza alizaliwa pande hizo mwaka 1776, yatima aliyepanda hadi kuwa profesa wa chuo kikuu cha Königsberg. Mwaka 1818 alichapisha utenzi mkubwa wa Kristijonas Donelaitis, unaohesabiwa kuwa msingi wa fasihi ya Kilithuania, na mwaka 1825 akatoa mkusanyo wa nyimbo za watu wake. Kijiji alichozaliwa kilimalizwa na mchanga mwishoni mwa karne ya 18, naye alikitungia shairi la maombolezo. Nida yenyewe, ambayo leo imejaa nyumba za wageni zenye maua madirishani, si Nida ya kwanza: watu walihama mbele ya mchanga wakajenga upya.

Na hapa ndipo ilipopita barabara kuu ya posta, kutoka Königsberg hadi Memel, yaani Klaipėda ya leo, na kuendelea mpaka Riga na Saint Petersburg. Wasafiri waliichukia. Magurudumu yalizama, farasi walichoka, na gari mara nyingi lilikwenda kwenye ukingo wa maji kabisa, ambako mchanga mbichi ni mgumu kidogo. Januari 1807 Malkia Luise wa Prusia, akiwa amedhoofishwa na homa, alisafirishwa kwa njia hiyo katika baridi kali, akimkimbia Napoléon. Hakuna aliyeiita safari ile mapumziko. Lakini miaka miwili tu baadaye msomi Wilhelm von Humboldt alipita, akaona mahali pale ni pa kutazamwa kama Hispania na Italia. Kwa msafiri mwenye afya na pesa, jangwa tayari lilikuwa limeanza kuwa mandhari.

Mwaka 1768 jumuiya ya wanasayansi ya Danzig ilikuwa imetangaza tuzo kwa atakayeeleza namna ya kuuzuia mchanga. Aliyeshinda ni Johann Daniel Titius, profesa wa Wittenberg ambaye wanafalaki wanamkumbuka kwa kanuni ya umbali wa sayari. Jibu lake lilikuwa fupi: pandeni miti. Kusema ni rahisi. Mche uliochomekwa kwenye mchanga unaotembea hufunikwa au hung'olewa kabla haujashika, kwa hiyo ilibidi kwanza upepo udanganywe. Ufukweni walisimamisha safu za vigingi na fito. Mchanga ulioletwa na upepo ulijikusanya hapo, safu zikazama, wakasimamisha nyingine juu yake, hadi likapatikana tuta la kinga sambamba na bahari. Kisha wakalishona kwa majani magumu ya pwani yanayostahimili kufukiwa. Nyuma ya kinga hiyo, matuta makubwa yaligawanywa miraba miraba kwa matete na matawi, na ndani ya kila mraba vibarua walipanda misonobari mifupi ya milimani, kila mche na konzi yake ya udongo wa mfinyanzi ulioletwa kutoka ng'ambo.

Huko Nida kazi ilianzishwa mwaka 1825 na Georg David Kuwert, mtu wa posta, aliyeona wazi kwamba asipopanda miti kijiji kingehama tena. Baadaye serikali ya Prusia, iliyoitawala rasi wakati huo, ikaifanya kazi hiyo kuwa yake, na jina linaloongoza katika kipindi hicho ni la Franz Epha, mkaguzi wa matuta aliyekaa katika kijiji cha Rossitten miongo kadhaa hadi alipofariki mwaka 1904. Tuta mojawapo upande wa Urusi linaitwa kwa jina lake mpaka sasa. Vibarua waliobeba udongo mgongoni hawana tuta.

Watu wenyewe wa rasi walikuwa Wakuroni, wavuvi waliozungumza lugha iliyo jamaa na Kilatvia. Mashua zao zilikuwa na matako bapa kwa ajili ya maji mafupi ya ghuba, na kuanzia mwaka 1844 kila chombo kililazimishwa kupeperusha mlingotini kibendera cha kutambulisha kijiji chake, ili mkaguzi wa uvuvi ajue nani anavua maji ya nani. Vijiji vya rasi vilipewa rangi nyeusi na nyeupe. Wavuvi, kwa kuwa amri ni amri lakini uzuri nao una haki yake, walizunguka vibendera hivyo kwa nakshi za mbao: nyumba, farasi, miti, watu. Leo hakuna duka la Nida lisilouza mfano wake. Kitu ambacho maduka hayauzi ni kunguru. Samaki walipoadimika, watu walitega kunguru kwa nyavu wakati wa misafara ya majira ya kupukutika majani, wakawaua kwa kuwauma kichwani, wakawatia chumvi kwenye mapipa kuwa kitoweo cha majira ya baridi.

Misafara hiyo ya ndege ndiyo iliyomvuta Johannes Thienemann, aliyeanzisha Rossitten mwaka 1901 kituo cha kwanza duniani cha kuchunguza ndege. Alianza kwa kuwavisha kunguru pete za alumini miguuni, na kuanzia mwaka 1906 akawageukia korongo weupe. Pete zikaanza kurudi kutoka Afrika, hata kusini kabisa ya bara, mikononi mwa watu waliomwokota ndege na kushangaa maandishi ya Kijerumani. Hivyo ndivyo ramani ya safari yao ilivyochorwa kwa ushahidi: Bosporus, bonde la Nile, kisha Afrika Mashariki. Korongo mweupe anayeokota panzi kwenye mbuga za Serengeti mwezi wa Januari ni jamaa wa wale wa Baltiki. Yeye naye ana makao mawili, ila hakuna anayemwita mtalii.

Watalii wa kweli walianza na kaharabu. Katika kijiji cha Juodkrantė, kampuni ya Stantien na Becker ilichimba sakafu ya ghuba kwa mashine tangu miaka ya 1860 hadi karibu na mwisho wa karne, ikitoa kaharabu kwa tani, pamoja na vinyago vya watu wa Enzi ya Mawe. Palipo na fedha, meli hazikawii. Meli za moshi zilizopita ghubani zikaleta familia za mijini, na mwaka 1867 ikafunguliwa Nida nyumba ya wageni iliyokuja kuwa ya Hermann Blode. Wachoraji ndio waliomfanya maarufu. Lovis Corinth alipita, Max Pechstein alifika mwaka 1909, Karl Schmidt-Rottluff mwaka 1913. Walitafuta mwanga unaorudishwa na maji ya pande mbili, na picha zao zikawafanyia Blode na Nida tangazo ambalo hakuna gazeti lingeweza kuliuza. Jambo moja huwa linapita bila kusemwa: matuta matupu waliyoyachora kwa mapenzi yalikuwa ndiyo yale yale ambayo babu wa mvuvi aliyaogopa.

Mwandishi Thomas Mann alifika kwa siku chache wakati wa kiangazi cha 1929, mwaka ule ule aliopewa Tuzo ya Nobel, akapapenda kiasi cha kujenga. Nyumba yake ya mbao yenye paa la matete ilisimamishwa mwaka 1930 juu ya kilima walichokiita cha Mama Mkwe. Majirani waliitania kuwa kibanda cha Mjomba Tom. Asubuhi aliandika riwaya yake ndefu juu ya Yusufu na ndugu zake, mchana akashuka baharini. Alipumzika hivyo majira matatu tu. Nida wakati huo ilikuwa chini ya Lithuania, lakini mpaka haukuzuia barua: mwaka 1932, baada ya kuwasema Wanazi hadharani, aliletewa kwa posta nakala ya riwaya yake *Buddenbrooks* iliyounguzwa. Mwaka uliofuata alikuwa uhamishoni, na nyumba hakuiona tena. Hitler alipoitwaa Memel mnamo Machi 1939, iliangukia mikononi mwa Hermann Göring.

Januari 1945, Jeshi Jekundu likikaribia, karibu wakazi wote wa rasi walikimbia. Wachache waliorejea walihamia Ujerumani Magharibi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na lugha ya Wakuroni ikaondoka nao. Makaburini mwa Nida zimebaki alama zao za mbao zilizochongwa kwa umbo la ndege na maua, zikisimikwa miguuni pa marehemu badala ya kichwani.

Wasovieti waliifanya rasi kuwa eneo la mpakani, na mtu asiye na kibali hakuvuka. Waliovuka walikuwa wafanyakazi waliopangiwa mapumziko, waandishi na wakubwa. Mwaka 1965 waliwaleta Jean-Paul Sartre na Simone de Beauvoir, na kijana mpiga picha Antanas Sutkus akamnasa Sartre akiwa peke yake juu ya mchanga mtupu, kainama mbele, koti jeusi likipingana na upepo. Picha ile imeifikisha Nida mahali ambapo jina lake halijulikani. Uhaba wa vibali, lazima isemwe, uliiokoa pwani hiyo na hoteli za ghorofa zilizojaa pwani nyingine.

Mwaka 1991 upande wa Lithuania ukawa hifadhi ya taifa, na mwaka 2000 UNESCO iliiorodhesha rasi nzima, kwa ombi la Lithuania na Urusi kwa pamoja, ikieleza kwamba isingekuwapo bila kazi isiyokoma ya binadamu dhidi ya upepo na mawimbi. Kazi hiyo inaendelea: fito hufungwa upya kwenye tuta la kinga kila dhoruba ikilibomoa, na moto wa mwaka 2006 karibu na Smiltynė uliwakumbusha walinzi jinsi misonobari ile mifupi inavyowaka kama petroli.

Siku hizi lakini mzozo umegeuka. Msitu umefanikiwa mno. Matuta yaliyo wazi yamebaki mabaka machache, mbegu za misonobari zinayavamia, na tuta la Parnidis, linalokanyagwa na maelfu ya miguu, linazidi kupungua mchanga wake ukiishia ghubani. Ndiyo maana mgeni hukatazwa kutoka nje ya njia ya mbao. Na katika baadhi ya sehemu wahifadhi wameshika misumeno, wanakata misonobari iliyopandwa kwa jasho la karne ya 19, ili mchanga upate tena pa kutembea.